Mji Mzima Kununua Stima kwa Pamoja: Wanavyofanya Marekani, na Tunaloliweza Sisi Pwani



Ndugu zetu waliohamia Marekani, walioko Ohio, Massachusetts, California na kwengineko, huweza kupokea barua moja ya ajabu kutoka kwa serikali ya mji wao. Barua husema hivi: mji umetafuta muuzaji mpya wa stima kwa niaba ya wakaaji, wewe umo tayari, kama hutaki, tujulishe kabla ya tarehe fulani. Wapo wanaoitupa wakidhani ni matapeli. Wapo wanaopiga simu nyumbani kuuliza haya ni mambo gani. Na huku kwetu, kila bili inapopanda, hakukosi mtu barazani wa kuuliza: mbona kaunti isitununulie stima kwa bei ya jumla, kama mwenye duka anavyonunua magunia yake Kongowea?

Maswali hayo mawili ni ya jambo moja. Mimi si mhandisi, elimu yangu ni ya diploma, kwa hivyo nitalieleza kwa lugha ya sokoni. Jibu langu kwa ufupi ni hili: kununua stima kwa pamoja ni jambo la kweli na limewapunguzia watu gharama, lakini si dawa ya kila bili. Linahitaji sheria inayomruhusu mnunuzi kuchagua muuzaji, na wasimamizi wanaoweka hesabu wazi. Hapa Kenya sharti la kwanza bado halijamfikia mwananchi wa kawaida. Hata hivyo, lipo jambo la karibu nalo ambalo tunaweza kulifanya sasa hivi.

Maana yake hasa

Bili ya stima ina vitu viwili ndani yake. Cha kwanza ni stima yenyewe, yaani ile bidhaa inayotoka kwenye mitambo. Cha pili ni usafirishaji: nguzo, nyaya, transfoma, mita na mafundi wa kurekebisha. Ni kama mchele na lori lililouleta.

Katika majimbo kadhaa ya Marekani, sheria imevitenganisha vitu hivyo. Kampuni ya nyaya inabaki moja, kwa sababu hakuna faida ya kusimamisha nguzo za kampuni tano kwenye mtaa mmoja. Lakini stima yenyewe mteja anaweza kuinunua kwa muuzaji mwengine. Asipochagua, kampuni ya nyaya humnunulia kwa bei ya kawaida iliyoidhinishwa na mdhibiti. Massachusetts, kwa mfano, bei hiyo ya kawaida kwa majumba hubadilishwa kila miezi 6.

Sasa, nyumba moja haina nguvu ya kupatana bei na mwenye mtambo. Kidole kimoja hakivunji chawa. Ndipo mji unapoingia kati. Baraza la mji hukusanya mahitaji ya wakaaji na biashara ndogondogo, huyafanya fungu moja, kisha hutangaza tenda.

Mji hapo hauwi kampuni ya stima. Haumiliki nguzo wala hausomi mita. Stima ikipotea, mteja anapiga simu kwa kampuni ile ile ya nyaya. Bili nayo kwa kawaida inatoka kule kule, ila mstari wa bei ya stima ndio unaobadilika. Hili ni tofauti na mji kama Los Angeles, ambao una shirika lake wenyewe la maji na stima, pamoja na nguzo zake.

Msingi wa mpango ni kwamba kila mtu yumo mpaka aseme hapana. Mtu wa kwetu huenda akashtuka: vipi nitiwe kwenye mkataba ambao sikuutia sahihi? Lakini fikiria chama cha kununua mchele ambacho kila mwanachama lazima kwanza ajaze fomu na kuipeleka ofisini. Watajaza wachache, fungu litakuwa dogo, na muuzaji hatatoa bei ya maana. Kwa kuwatia watu wote kwanza, fungu linakuwa kubwa. Haki ya mtu inalindwa kwa barua ya mapema na ruhusa ya kujitoa. Sheria ya Massachusetts inampa mshiriki siku 180 za kurudi kwenye bei ya kawaida bila kutozwa chochote, na miji mingi huko inaruhusu kutoka wakati wowote.

Wateja wakubwa husimama kando. Ohio, biashara inayotumia zaidi ya yuniti 700,000 kwa mwaka haitiwi mpaka iombe yenyewe, kwa kuwa inao uwezo wa kujipatania.

Ilianzia kwenye miji ya wavuvi

Mwenye kukaa Lamu au Kilifi atapendezwa kujua kwamba mpango wa kwanza wa namna hii haukuanzia New York wala Chicago. Ulianzia Cape Cod, rasi iliyoingia baharini huko Massachusetts, na kisiwa jirani cha Martha's Vineyard. Ni sehemu za uvuvi na utalii, miji midogo midogo ambayo kila mmoja peke yake hauna sauti sokoni. Mwaka 1997 jimbo hilo lilipitisha sheria ya kufungua soko la stima, na mwaka huo huo miji ya huko ikaungana kwa jina la Cape Light Compact. Leo ni miji 21.

Ohio ilifuata kwa sheria ya 1999, na mwaka 2000 likaundwa baraza la NOPEC la miji ya kaskazini mashariki mwa jimbo hilo, ambalo baadaye lilifika kuwa na wateja mamia ya maelfu. California ilipitisha sheria yake mwaka 2002, baada ya msukosuko wa stima wa 2000 na 2001 uliowatia watu gizani na kupandisha bei. Hata hivyo kaunti ya Marin ndiyo iliyokuwa ya kwanza kuanza huko, mwezi wa Mei 2010. Illinois ilipata sheria mwaka 2009. New York ilianza 2016, katika kaunti ya Westchester.

Columbus, Ohio, mji wenye mojawapo ya jamii kubwa za Wasomali Marekani, wakiwemo watu wa Barawa, ulipiga kura ya jambo hili Novemba 2020 na wakaaji wakakubali kwa wingi. Kwa hivyo wapo watu wa mwambao wetu ambao wamo ndani ya mpango huu leo.

Usidhani makampuni ya zamani yalikaa kimya. Mwezi wa Juni 2010, California ilipigia kura pendekezo nambari 16, ambalo lingeulazimisha mji upate theluthi mbili ya kura kabla ya kuanza mpango kama huu. Kampuni ya PG&E ilitumia zaidi ya dola milioni 40 kulipigia debe. Wananchi walilikataa. Ukiona kampuni inatumia fedha kiasi hicho kuzuia wanunuzi wasikusanyike, basi jua mkusanyiko huo una uzito.

Hatua kwa hatua

Nitatumia mfano wa Massachusetts, kwa kuwa ndiko kwenye uzoefu mrefu.

Kwanza, mkutano wa mji au baraza la madiwani hupiga kura ya kuruhusu. Ohio kuna sharti zaidi: jambo lenyewe hupelekwa kwenye sanduku la kura, wananchi waamue.

Pili, mji huandika mpango kwa kushauriana na idara ya kawi ya jimbo. Mpango hueleza nani atasimamia, bei itapatikanaje, mtu atajitoaje na wasiojiweza watalindwaje. Wakaaji hupewa nafasi ya kuusoma na kutoa maoni, kisha mdhibiti wa jimbo huidhinisha.

Tatu, mji huajiri mshauri anayelijua soko. Malipo yake ya kawaida huko ni sehemu moja ya kumi ya senti kwa kila yuniti, na hulipwa ndani ya bei ya stima.

Nne, tenda hutangazwa. Bei ya stima hubadilika kama bei ya samaki bandarini: ya asubuhi si ya jioni. Muuzaji akitoa bei, huishikilia kwa muda mfupi tu, mara nyingi siku ile ile. Kwa hivyo baraza humpa ofisa mmoja mamlaka mapema ya kutia sahihi, likimwekea mpaka wa bei asioweza kuuvuka. Mji usiojipanga hapa hukosa bei nzuri wakingoja kikao cha wiki ijayo.

Tano, barua hupelekwa kwa kila mteja anayehusika, zenye bei, muda wa mkataba na njia ya kujitoa. Hupewa siku 30. California barua ni zaidi: angalau mbili kabla ya kuanza na mbili baada.

Sita, siku ya kusoma mita ikifika, mteja huhamia kwa muuzaji mpya. Hakuna fundi anayekuja nyumbani, wala stima haizimwi hata dakika moja. Mkataba ukikaribia kwisha, mji hutangaza tenda tena, au huwarudisha watu kwenye bei ya kawaida kama soko si zuri.

Kwa nini bei inaweza kushuka

Sababu ya kwanza ni wingi. Tuchukulie mji wenye nyumba 10,000, kila moja ikitumia yuniti 600 kwa mwezi. Hizo ni yuniti milioni 6. Senti moja ya dola ikipungua kwa kila yuniti, nyumba moja inaokoa dola 6 kwa mwezi, na mji mzima dola 60,000. Mshauri wa sehemu ya kumi ya senti atachukua dola 6,000 kwa mwezi. Huo ni mfano wa hesabu tu, lakini unaonyesha kwa nini nyumba moja haiwezi kuajiri mshauri ilhali mji unaweza.

Sababu ya pili ni kwamba muuzaji haingii gharama ya kutafuta wateja. Hakuna matangazo, hakuna vijana wa kubisha hodi mlango kwa mlango. Anapata wateja elfu kadhaa kwa sahihi moja.

Sababu ya tatu haizungumzwi sana, nayo ni saa za matumizi. Majumba hutumia stima nyingi jioni. Maduka na ofisi hutumia mchana. Ukiwaweka pamoja, matumizi yanakuwa sawasawa zaidi kutwa nzima, na mzigo uliotulia ni rahisi kuuhudumia kuliko mzigo unaopanda ghafla saa moja ya jioni. Ndiyo maana ni vyema biashara na majumba wawe kwenye fungu moja.

Sababu ya nne ni subira. Mji unaweza kungoja wakati mzuri wa kununua, na unaweza kuifunga bei kwa miaka miwili au mitatu. Wakati mwengine faida yenyewe si bei ndogo, bali ni utulivu wa kujua mwezi ujao utalipa ngapi.

Linganisha na mtu anayejinunulia peke yake. Mwanasheria Mkuu wa Massachusetts alitoa ripoti mwaka 2018 kuhusu majumba yaliyoingia mikataba na wauzaji binafsi, mara nyingi kupitia simu na watu wa kubisha mlangoni. Katika miaka miwili, kuanzia Julai 2015 hadi Juni 2017, wateja hao walilipa dola milioni 176.8 zaidi ya vile wangelipa kama wangebaki kwenye bei ya kawaida. Walioumia zaidi ni watu wa kipato cha chini na wasiojua Kiingereza vizuri. Kwa hivyo ndugu yetu aliyeko huko, barua ya mji wako isome. Yule kijana aliyesimama mlangoni akitaka kuona bili yako, huyo ndiye wa kuogopwa.

Pale inapokwenda mrama

Ningekuwa nakudanganya nikiishia kwenye sifa. Ipo mifano mitatu ya kukumbukwa.

Chicago walipiga kura ya kukubali Novemba 2012. Bei ya kawaida wakati ule ilikuwa juu kwa sababu kampuni ya nyaya, ComEd, ilikuwa imefungwa na mikataba ya zamani ya bei ghali. Mji ulipata bei ya chini na watu wakafurahi. Lakini katikati ya 2013 mikataba ile ya zamani iliisha, bei ya kawaida ikashuka, na faida ya kununua pamoja ikayeyuka. Kufikia 2015 mji uliwarudisha watu ComEd. Somo lake: usipime faida kwa bei ya siku ya kwanza. Uliza bei unayolinganisha nayo itakuwaje mwakani.

Mfano wa pili ni NOPEC ya Ohio. Mwaka 2022, vita vya Ukraine vilipopandisha bei ya gesi duniani, stima nayo ikapanda, kwa kuwa mitambo mingi ya huko inawaka kwa gesi. Bei ya kawaida ya kampuni za nyaya ilikuwa imefungwa mapema kwenye minada, kwa hivyo ikawa chini kuliko ya NOPEC. Mwezi wa Agosti baraza hilo lilitangaza kuwarudisha wateja wapatao 550,000 kwenye bei ya kawaida kabla ya wakati. Kwa wateja hao ilikuwa nafuu. Lakini wale waliopanga ununuzi wa bei ya kawaida hawakuwa wamehesabu kundi kubwa kama hilo kurudi kwa mpigo, na mdhibiti alitaka maelezo. Mlango wa kutoka ni haki ya mteja mmoja mmoja. Wakitoka watu nusu milioni siku moja, mtu fulani lazima abebe hasara.

Mfano wa tatu ndio mchungu zaidi. Western Community Energy, shirika la miji sita ya kaunti ya Riverside huko California, lilianza 2020. Mwaka huo huo likakutana na janga la korona, wateja wakashindwa kulipa, na joto kali la Agosti likapandisha bei ya stima sokoni. Halikuwa na akiba ya kutosha. Mei 2021 likaomba ulinzi wa mahakama kwa kufilisika, na wateja wakarudishwa kwenye kampuni yao ya zamani.

California pia kuna ada ya kuondoka. Kampuni ya zamani ilishatia sahihi mikataba mirefu ya kuwanunulia watu stima. Watu wakihama, gharama ya mikataba hiyo haifutiki. Kwa hivyo kila aliyehama hutozwa sehemu yake kwenye bili, na ada hiyo hupanda na kushuka. Mpango unaoonekana wa bei rahisi unaweza kuliwa faida yake yote na ada hii.

Je, Kenya inawezekana?

Watu wa Pwani hatukuanza jana na stima. Kumbukumbu za Kenya Power zenyewe zaeleza kwamba mwaka 1908 mfanyabiashara wa Mombasa, Harrali Esmailjee Jeevanjee, alinunua jenereta iliyokuwa ikiwasha taa za kasri la Sultan wa Zanzibar na kuileta kwa kampuni ya stima ya Mombasa. Mwaka 1922 kampuni ya Mombasa na ile ya Nairobi zikaunganishwa kuwa East African Power and Lighting. Tangu hapo mji wetu haukuwa tena na stima yake.

Leo Kenya Power ndiyo inayonunua stima kutoka KenGen na wazalishaji binafsi, na ndiyo inayomuuzia karibu kila mwananchi. Mtu wa Likoni hana muuzaji wa pili wa kumwendea. Kwa hivyo hata kaunti ikikusanya nyumba laki moja, itakwenda kupatana na nani? Bei imewekwa na mdhibiti, EPRA, na ni ile ile nchi nzima.

Sheria, kusema kweli, imeshaanza kufungua mlango. Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, inazipa kaunti kazi ya usambazaji wa stima na udhibiti wa kawi katika mipango yao ya maendeleo. Sheria ya Kawi ya mwaka 2019 imetenganisha leseni za kuzalisha, kusafirisha, kusambaza na kuuza rejareja, na inaitaka kila kaunti iandike mpango wake wa kawi. Lakini leseni kuwepo kwenye karatasi na muuzaji wa pili kuwepo mtaani ni mambo mawili.

Kisha kuna bili yenyewe. Juu ya bei ya yuniti kuna gharama ya mafuta, marekebisho ya sarafu za kigeni, marekebisho ya mfumuko wa bei, ada ya EPRA, ada ya maji, asilimia 5 ya umeme wa vijijini na VAT ya asilimia 16. Hata siku soko likifunguliwa, muuzaji mpya hataziondoa kodi hizo. Mwanasiasa anayekuahidi kukata bili nusu kwa kununua kwa pamoja hajaisoma bili.

Nionye pia juu ya kosa moja la majumba ya kupanga. Wapo wanaodhani wapangaji wanne kutumia mita moja ni kununua kwa pamoja. Hapa kwetu mambo ni kinyume. Tangu 2023, bei ya chini kabisa ni ya nyumba isiyozidi yuniti 30 kwa mwezi. Inayofuata ni mpaka 100. Kupita hapo ni bei ya juu. Nyumba nne za yuniti 28 kila moja zikiwa na mita zao, zote ziko kwenye bei ya chini. Zikiwa kwenye mita moja, zinakuwa yuniti 112, na zote zinalipa bei ya juu. Kila mpangaji adai mita yake.

Tunaloliweza leo: kununua sola kwa pamoja

Mwaka 2009, wakaaji wa mtaa mmoja wa Portland, katika jimbo la Oregon, walitaka kuweka sola juu ya nyumba zao lakini bei iliwashinda, na kila muuzaji alikuwa na maneno yake. Wakaunda kamati, wakafanya madarasa ya jioni ya kuelimishana, wakatangaza tenda moja kwa nyumba zote, wakachagua fundi mmoja. Mpango ukaenea. Massachusetts iliuchukua mwaka 2011 na kuongeza jambo zuri: bei hushuka ngazi kwa ngazi kadiri watu wanavyojiunga, kwa hivyo kila mtu anakuwa na hamu ya kumleta jirani.

Hili halihitaji soko kufunguliwa wala bunge kupiga kura. Ni ununuzi wa bidhaa, na sisi tunaujua. Kina mama wetu hununua mchele na tende kwa pamoja kabla ya Ramadhani. Vyama vyetu hununua viti na mahema ya harusi. Msikiti, madrasa, kikundi cha wavuvi wenye friji la barafu, mwenye kiwanda cha mikate na nyumba 40 za mtaa wanaweza kuwa fungu moja.

Yapo mambo ya kuangaliwa. Kwanza, fundi na kampuni wawe na leseni ya EPRA ya kazi ya sola. Pili, vyuma vya kushikilia paneli viwe vya kustahimili chumvi ya bahari, kwani chuma cha bei rahisi huoza haraka ufuoni. Tatu, paa la makuti halifai kubeba paneli. Nne, jueni saa za matumizi yenu: friji la samaki na pampu ya maji hufanya kazi mchana, kwa hivyo zinafaidika hata bila betri kubwa, nyumba inayowashwa usiku tu itahitaji betri, na betri ndiyo yenye gharama. Tano, Sheria ya Kawi ya 2019 inamruhusu mwenye mtambo usiozidi megawati 1 kuomba mkataba wa kurudisha ziada kwenye gridi na kupunguziwa bili. Kikundi kiulize habari hiyo kabla ya kununua.

Maswali ya kumuuliza yeyote anayekuletea mpango

Awe ni gavana, mwakilishi wadi, kampuni au mwenyekiti wa chama, muulize haya:

1. Bei hii unailinganisha na bei gani, na ile itakuwaje mwakani?
2. Nani analipwa ndani ya bei hii, na kiasi gani?
3. Nikitaka kutoka, natoka vipi na kwa gharama gani?
4. Akiba iko wapi ya siku mbaya?
5. Mkataba uko wapi, na naweza kuusoma?

Swali la tano ndilo zito. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 ya Suratul Baqara, inahusu kuandikiana deni na kuweka mashahidi. Mola wetu hakuiona karatasi kuwa ni jambo dogo. Wazee wetu nao wakasema mali bila daftari huisha bila habari. Mpango wa kuaminika ni ule ambao mwananchi wa kawaida anaweza kufungua mkataba akaona bei, muda na malipo ya mshauri.

Kaunti zetu sita za Pwani zina wajibu wa kuandika mipango ya kawi. Mwananchi ana haki ya kuuliza mpango wa kaunti yake umefika wapi na umesema nini kuhusu wakaaji na biashara ndogo. Soko likija kufunguliwa inshallah, atakayefaidika ni mji uliokwisha kujua wakaaji wake wanatumia yuniti ngapi, saa ngapi, na nani anaweza kulipa. Hesabu hiyo inaweza kuanza mtaani kwako mwezi huu, kwa daftari, kalamu na bili za miezi mitatu zilizopita.